Mguu Hupimwa Asubuhi

Msusi alibisha hodi mara tatu, akashusha sketi, akabisha ya nne. Sketi yenyewe haikuhitaji kushushwa. Ilikuwa ndefu kiasi cha kuwafagilia majirani baraza zao bure. Lakini penye kidonda hapakosi nzi, na kwa wiki tatu nzima mikono ya Msusi ilikuwa na kazi mbili tu duniani: kusuka vichwa vya watu na kuvuta sketi.

"Ingia, mgeni," ikajibu sauti ya ndani.

Ilikuwa sauti ya Dada Mwalimu. Mama huyu alifundisha hesabu darasa la sita, na hata nyumbani kwake alikutazama kama jibu lililoandikwa bila kuonyesha njia. Wazazi wake walikuwa wametangulia, kwa hiyo kwa mdogo wake, mchumba wa Msusi, yeye ndiye aliyekuwa mama, baba, shangazi na mahakama ya rufaa. Kama angesema hapana, hakungekuwa na ndoa. Na wiki tatu zilizopita, katika sebule hii hii, alikuwa amesema hapana.

Msusi akaingia. Kochi lilikuwa limefunikwa vitambaa vyeupe vilivyonyooshwa mpaka vinatisha kukaliwa. Dirishani, kwenye kiti cha mbao, alikaa mwanamume aliyemfanya aje hapa: mdogo wake Dada Mwalimu, mrefu, mwembamba, mikono mirefu isiyojua pa kuwekwa. Kazini walimwita Futi, kwa sababu hakuonekana bila futi ya kupimia shingoni, na kwa sababu akikunja miguu kukaa, ungedhani mtu anaiviringa kuirudisha mfukoni.

"Hujambo?" Futi akauliza.

"Sijambo." Miezi saba ya mapenzi, na leo walisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Mapenzi yao hayakuanzia machoni kama ya wenzao. Yalianzia kifundoni. Msusi alikuwa na vishipa buibui, vile vistari vyekundu na vya bluu vinavyotambaa kwenye mapaja na nyuma ya magoti kama utando uliosahauliwa kufagiliwa. Alikwenda kliniki ya mishipa, daktari akamwandikia sindano, na kabla ya sindano akamtuma chumba cha mwisho koridoni akapimwe soksi za kubana. Huko ndiko alikokuwa Futi.

"Rudi kesho kabla ya saa mbili," Futi alimwambia siku ile bila hata kunyanyuka.

"Kaka, nimeacha kichwa cha mtu nusu. Upande mmoja malkia, upande mmoja kuku aliyenyeshewa."

"Pole yake. Lakini huu mguu wa saa tisa alasiri si mguu wako. Wako ni ule unaoamka nao. Huu umeshajaa."

"Kumbe! Na hii miguu niliyokuja nayo ni ya nani?"

Futi alitaka kucheka, akajizuia, akaelekeza kidole ukutani. Kulikuwa na karatasi kubwa, herufi za mkono, wino mzito: MGUU HUPIMWA ASUBUHI. HAKUNA MJADALA. Msusi alimtukana kimoyomoyo njia nzima kurudi saluni, na kesho yake saa moja na robo alikuwa mlangoni, amepaka mafuta miguu mpaka inang'aa. Futi alipiga goti, akazungusha futi kifundoni, akaandika. Akazungusha kwenye shavu la mguu, akaandika. Kisha akasahau kuandika. Hapo ndipo mwenzetu alipokwisha.

Sasa yule yule alikaa dirishani akiangalia sakafu.

"Nimekuja na barua, dada," Msusi akasema, akatoa bahasha mkobani. "Ya daktari. Siku ile uliona miguu yangu ukasema mama yenu alianza hivi hivi. Sikupata nafasi ya kujibu."

"Hukuipata kwa sababu ulikimbia."

"Nilikimbia kwa sababu ulinifungulia mlango."

Dada Mwalimu akavaa miwani. Akaifungua barua, na kwa mazoea ya miaka ishirini akachukua kalamu nyekundu mezani. Msusi hakuwa amewahi kuona mapenzi yakisahihishwa.

"Hapa anasema 'vishipa vya juu ya ngozi.' Juu maana yake nini?"

"Juu kabisa, dada. Vyembamba kama uzi. Mishipa ya miguu ina vijilango ndani. Vinafunguka damu ipande, vinafunga isirudi. Vikilegea, damu inazubaa, kishipa kinatuna, kinaonekana nje. Wengine wanarithi, wengine mimba, wengine kusimama. Mimi nimesimama nyuma ya vichwa vya watu miaka kumi na moja."

"Na mama yetu alisimama kwenye meza ya kupiga pasi, kwa dobi, miaka thelathini."

Futi alikohoa dirishani, kikohozi kisicho na makohozi.

"Mama alikuwa na ile mikubwa, dada, ya kuvimba kama kamba," Msusi akasema taratibu. "Na kilichomwondoa kilikuwa ndani zaidi. Damu iliganda kwenye mshipa wa ndani, bonge likapanda mapafuni. Mimi kabla ya sindano ya kwanza walinipima kwa ultrasaundi, kutazama kama kuna mshipa mkubwa unaovuja kule chini. Daktari alisema hupaki rangi ukuta ambao bomba linavuja ndani yake. Hakuna kinachovuja. Mstari wa nne."

"Nimeuona mstari wa nne."

"Samahani."

"Kama ni kitu kidogo hivyo, mbona miguu yako ilikuwa kama ya mtu aliyechapwa bakora?"

"Ni dawa yenyewe. Wanachoma kwa sindano nyembamba kama unywele. Dawa inaunguza kishipa kwa ndani, kuta zinashikana, damu inatafuta njia nyingine, na mwili unakila polepole. Kwanza inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Michubuko, madoa ya kahawia. Kutakata ni wiki, pengine miezi. Na sikudanganyi, dada, vingine vitaota pengine, itabidi nirudi."

"Sasa mtu mwenye akili anajidungaje kwa kitu kisichomuua?"

Swali hilo Msusi alikuwa ameliandalia jibu zuri, la kitaalamu, lenye maneno kama "mzunguko wa damu." Likatoka jingine.

"Jioni vinaniwaka na kuniwasha. Hiyo ni kweli. Lakini kweli zaidi ni kwamba nina miaka thelathini na moja na tangu ishirini na tatu navaa sketi za bibi yangu. Nilitaka siku moja, siku yangu, nivae gauni linaloishia magotini, na kaka yako anitazame mbele za watu nisijifunike. Ni hilo tu. Kama ni upumbavu, niandikie sifuri."

Mdomo wa Dada Mwalimu ulitetemeka upande mmoja. Kwa mtu mwingine lile lingeitwa tabasamu.

"Vua," akasema.

"Nini?"

"Soksi. Vua nione."

Soksi ya kubana si soksi ya kuvuliwa kwa madaha. Msusi alikaa ukingoni mwa kochi akaivuta, akaikokota, akapumua, akaivuta tena, huku vitambaa vyeupe vyote vikiteleza nyuma yake kama vinakimbia aibu. Hatimaye mguu ukatoka. Ulikuwa na madoa rangi ya chai iliyomwagika, na katikati ya madoa, pale palipokuwa na utando wa buibui, ngozi ilikuwa imeanza kurudi kuwa ngozi.

Dada Mwalimu akapiga magoti. Mwanamke mzima, miwani puani, akaweka kiganja kwenye shavu la mguu wa Msusi, akatulia kama anayesikiliza ukutani.

"Wako ni wa baridi," akasema mwishowe. Sauti yake haikuwa ya darasani tena. "Wa mama ulikuwa na moto. Mmoja tu, wa kushoto. Ulivimba, ukawaka, nikamkanda kwa maji ya uvuguvugu nikidhani ni uchovu. Kesho yake alikuwa hapumui vizuri." Akavua miwani. "Nilipoona miguu yako, binti, sikukuona wewe. Unanielewa? Nilijiona mimi nikizika tena."

"Nakuelewa, dada."

"Basi." Akasimama kwa kushika mkono wa kochi, akakunja barua bila kuitia alama hata moja. "Mimi sina neno tena. Tafuteni tarehe."

Ungekuwapo ungesikia moyo wa Msusi ukigonga kama mtoto anayetaka kufunguliwa. Alimgeukia Futi na uso wote ukiwa wazi, meno nje, machozi nje, bado na mguu mmoja mtupu. Alitegemea kumwona akiruka. Mtu mrefu vile, angegonga dari, wangecheka.

Futi hakuruka. Hakumtazama hata.

"Mimi nina neno, dada," akasema.

"Neno gani tena? Nimeshakubali!"

"Ndiyo. Nilikuwa nategemea usikubali."

Msusi alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayesubiri aambiwe ni mzaha. Futi hakujua mizaha, akisimulia kichekesho alianzia mwisho. Lakini hakuendelea kusimulia. Alikuwa anasugua kidole gumba na kidole cha shahada, kama anayeshika futi isiyokuwapo.

"Soksi za mama," akasema. "Nilizipima mimi. Wiki yangu ya kwanza kazini."

"Najua," Dada Mwalimu akasema. "Alizunguka mtaa mzima akiwaonyesha watu. 'Mwanangu ndiye aliyenipimia.' Kuna nini?"

"Nilimpima saa kumi na mbili na nusu jioni. Alitoka kwa dobi amechoka, akasema asubuhi hawezi, watamkata siku. Kanuni nilikuwa nimefundishwa siku mbili nyuma. Nikaona kumwambia mama yangu arudi nyumbani na kesho aje ni ukosefu wa adabu. Nikampima vile vile, mguu umejaa. Soksi zikaja kubwa."

Dada Mwalimu akakaa. Alikaa juu ya vitambaa vyake bila kuvinyoosha.

"Zilikuwa zinateremka," akasema polepole.

"Ndiyo."

"Mimi ndiye niliyekuwa namvalisha kila asubuhi. Zilikuwa zinateremka, nikawa nazikunja. Nazikunja chini ya goti, mara mbili, zishike."

"Najua, dada. Nilikuwa nakuona." Futi sasa alikuwa analia bila sauti, machozi yanakwenda zake yenyewe. "Ukiikunja soksi ile inakuwa kamba. Inakaba. Hilo nalo nilikuwa nimefundishwa. Nilisimama mlangoni nakutazama ukikunja, na sikusema, kwa sababu nikisema usikunje ungeuliza kwa nini ni kubwa. Miezi minne nilikuona. Kisha tukamzika."

Nje mtu alikuwa anapiga honi mara mojamoja, akimwita mtu asiyetoka.

"Daktari anajua?" Msusi akauliza. Sauti yake ilimshangaza mwenyewe; ilikuwa ndogo, kama ya mteja anayeomba asivutwe sana nywele.

"Nilimwambia mwaka jana. Alisema mama alikuwa na sababu nyingi za damu kuganda, na hakuna mtu duniani anayeweza kuapa kwamba ni soksi. Nikamuuliza, kuna anayeweza kuapa kwamba siyo? Akanyamaza."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui. Miaka sita sijui."

Dada Mwalimu alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, akiigeuza, upande huu, upande huu. Msusi alimhurumia, na akashangaa bado ana huruma ya kugawa.

"Haya," akamwambia Futi. "Nimesikia. Ni zito, mwenzangu, na nitakusaidia kulibeba. Lakini linahusiana nini na mimi? Soksi zangu ulizipima asubuhi."

"Ukisinzia kwenye kochi, mimi nafanya nini?"

Msusi akajua papo hapo. Mkono wake kwenye shavu la mguu. Kila mara. Alikuwa akijifanya amelala ili usiondoke.

"Unanishika mguu."

"Naangalia kama una joto. Wa kulia, kisha wa kushoto, kisha nalinganisha. Nikipita saluni nikakuona umesimama, nahesabu saa. Ukichelewa kujibu ujumbe, mimi nimeshafika mochwari. Nakuuliza kama miguu inauma mara ngapi kwa siku?"

"Kumi. Mimi nilidhani ni mapenzi."

"Ni mapenzi! Ndiyo balaa lenyewe. Wagonjwa wengine nawapima wanakwenda. Wewe nakupima na huondoki."

"Miguu yangu haina ugonjwa! Umesoma mstari wa nne?"

"Niliusoma kabla yako. Najua zaidi ya dada, najua karibu sawa na daktari. Kujua hakusaidii. Nikikugusa, namgusa mama. Hakuna barua ya hilo."

"Nitaacha kusimama. Nitanunua kile kiti kirefu cha magurudumu, nitasuka nimekaa kama rubani."

"Si kiti."

"Basi nitakuwa nakuambia kila saa sijafa. Nitakutumia picha. 'Bado mzima, sasa nakula.' Futi, nitafanya chochote, niambie kitu cha kufanya!"

Alikuwa amepaza sauti, na kwenye sebule ile ya vitambaa vyeupe sauti ilirudi ikamkuta mwenyewe. Futi aliziba uso kwa mikono ile mirefu.

"Nisubiri?" Msusi akauliza. "Mwezi? Mwaka?"

"Usinifanye nikupe tarehe. Nikikupa utaingoja, nakujua. Na siku hiyo ikifika nitakuwa hivi hivi."

"Ungejua kuniambia mapema basi. Ungeniambia ile siku ya kwanza, pale chumbani. 'Mguu hupimwa asubuhi, na mimi sioi.' Ningepiga kelele, ningeondoka, mambo yangeisha."

"Ulikuwa umepaka mafuta miguu," Futi akasema ndani ya viganja. "Sikuweza."

Msusi aliichukua soksi yake kwenye kochi. Kuivaa ni kazi ya mtu aliyekaa vizuri, mwenye subira, na kwa kawaida ilikuwa kazi ya Futi. Ndiye aliyemfundisha kuigeuza nusu, kuingiza kisigino kwanza, kisha kupandisha kwa viganja, kidogo kidogo, bila mikunjo. Sasa aliivaa mwenyewe mbele ya watu wawili waliokuwa wanatazama mikono yake kama vile roho ya mtu imo ndani. Ilimchukua dakika nzima, labda mbili. Alipofika gotini akalainisha kila mahali. Hakuacha mkunjo hata mmoja. Alijua wote wawili wanaangalia hilo.

Akasimama. Akatamani kusema kitu cha kuumiza, kisha akatamani kusema kitu cha kuchekesha.

"Dada, asante kwa kuisoma barua," akasema. "Futi."

"Naam."

Alikuwa anataka kusema kwaheri. Ikatoka, "Kula."

Akatoka. Ngazi tatu, kijia cha kokoto, geti lenye bawaba inayolia. Jua lilikuwa kali na watu walikuwa na shughuli zao. Mwanamke mmoja alipita na ndoo, akamsalimu, Msusi akaitika vizuri kabisa, hata akacheka. Alipofika kona miguu yote miwili ikagoma. Haikuuma. Ilikuwa mizima, ya baridi, haina kinachovuja, na haikujua iende wapi.

"Wifi!"

Aliangalia mbele aone anaitwa nani. Njia ilikuwa tupu.

"Wifi! Ngoja!"

Akageuka. Dada Mwalimu alikuwa anakuja mbio, mwanamke asiyekimbia hata mvua, miguu peku, nywele zimefumuka upande. Nyuma yake mlango wa nyumba ulikuwa wazi, pazia linapepea nje, linarudi ndani. Msusi aliutazama mlango ule. Aliutazama mpaka Dada Mwalimu akamfikia, akamshika mabega akihema, na pale mlangoni hapakuwa na mtu.

"Hatoki," Dada Mwalimu akasema. "Nimemwambia atoke. Nimempigia magoti. Hatoki."

"Najua, wifi," Msusi akasema. "Najua."